Mke Wangu Anakaribia Kujifungua, na Tairi Zangu Haziwezi Mvua

Mpendwa mshauri,

Shikamoo, naomba unisaidie kabla mvua haijanyesha tena, maana siku hizi kila nikiona wingu naacha ninachofanya nalitazama mpaka lipite, na sina wa kumwambia kwa sababu kila anayenijua anaamini mimi ni dereva nisiyeogopa kitu.

Mimi ni fundi wa lifti, nina mke ninayempenda, naye ana mimba ya miezi minane, mtoto wetu wa kwanza, tena baada ya kusubiri mpaka ndugu wakaanza kutusema pembeni. Nina gari lenye injini kubwa, hilo hilo ndilo la kuendea kazini, sokoni na kliniki, na baadhi ya Jumamosi nalipeleka uwanja wa mashindano kwa kuwa nimo kwenye chama cha watu wapenda mbio. Mwenyekiti wetu ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye ana karakana ya tairi, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari la namna hii na ndiye aliyenichagulia tairi ninazokuandikia habari zake. Ni laini, pana, karibu hazina mifereji, na lami ikiwa imepata joto zinaing'ang'ania kama kupe, unaingia kona kwa mwendo ambao abiria anaanza kuomba dua, na tangu nizifunge wenzangu wananiita Gundi.

Sasa mshauri, chama chetu kina mwiko wake, kwamba tairi ulizokuja nazo kutoka nyumbani ndizo utakazokimbilia, hakuna kubadilisha uwanjani, na anayekuja na tairi nyingine kwenye buti anaitwa Mtalii, anaegesha karibu na vyoo na chai anapewa mwisho. Kwa hiyo wote tunaishi na tairi za mashindano wiki nzima, jua na mvua, tukiambiana kwamba tairi inayoshika uwanjani itashindwaje kushika njia ya sokoni, nami niliamini, tena nilijiona nimemnunulia mke wangu usalama.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka kliniki mchana, mvua imeanza kama mchezo, mke wangu amelaza kiti cha mbele na amelala mkono juu ya tumbo, tunashuka mteremko wa kiwanda cha mbao. Sikuwa na mwendo, mshauri, nakuapia hata baiskeli ingenipita, niligusa breki kidogo tu pale chini kwenye kona, na usukani ukawa mwepesi mkononi kana kwamba umeng'oka, gari likaenda linakotaka lenyewe, likazunguka taratibu, taratibu kabisa, nikaona ukuta wa kiwanda, nikaona mtaro, nikaona lori linakuja na dereva wake kaachama mdomo, halafu tukasimama tukitazama tulikotoka na lori likapita ubavuni kwetu likipiga honi mfululizo. Mke wangu akafumbua macho akaniuliza, "Tumefika?" Nikamjibu, "Bado kidogo, lala." Akafumba macho, nami nikageuza gari nikaendesha hadi nyumbani, na habari hiyo sijamwambia mtu mpaka leo.

Na hiyo ndiyo njia ya hospitali, mshauri, hatuna nyingine. Nikiwa kazini juu ya lifti ya watu nafikiria uchungu umemshika mvua inanyesha, nafikiria tumefika kwenye kona ile, na kila ninavyofikiria gari halisimami, naona lile lori tu. Juzi nilikosea kufunga nati kwa sababu ya mawazo hayo, bahati mwenzangu aliona.

Nilikwenda kwa shemeji nikamzungukazunguka kwa maneno, nikamuuliza kuhusu tairi kama mtu anayepiga soga, akanieleza kwamba kuna hizi nilizofunga, kuna za kawaida zilizokuja na gari, ambazo ziko stoo kwangu na mke wangu ameziwekea beseni la kufulia juu, na kuna za kati, zina mifereji ya maji lakini mpira wake unashika, mtu anaweza kwenda nazo kazini na Jumamosi akakimbia nazo vizuri tu, ila hazitampa kikombe. "Hizo za kati ni za watu vuguvugu," akasema. "Gundi, ukizivua hizi, umenivua nguo mbele za watu." Fainali ya msimu iko karibu na ameshajitapa kila mahali kwamba shemeji yake hatelezi. Akaniuliza kama kuna lililotokea, nikacheka.

Mke wangu yeye hana habari, Mungu amemlinda, na siku hizi hata kliniki anakwenda kwa miguu, anasema matembezi yanarahisisha kujifungua, wiki iliyopita alirudi ameloa chapachapa, nikimwambia apande gari anasema mkanda unambana tumbo. Nami, nakwambia ukweli, nashukuru, maana akiwa hayumo garini ndipo napumua.

Basi nishauri nichague tairi gani, nibaki na hizi niwe nakwenda polepole, nifunge za kati, au nirudishe zile za stoo, na nifanyeje mke wangu asijue sababu, maana akijua nilimwambia alale huku nimetoka kumwokoa kwenye mdomo wa lori, hatanitazama tena kama zamani. Naogopa, mshauri. Neno hilo sijawahi kuliandika popote.

Gundi

MSHAURI ANAJIBU

Gundi, marahaba, na pole sana. Hofu uliyo nayo ni ya haki kabisa, ina akili kuliko chama chenu kizima, kwa hiyo usimruhusu mtu akuondolee kwa kukupigapiga begani.

Tuanze na tairi kwa kuwa ndizo ulizoniulizia. Mimi sijui mbio, nilimpigia simu mwalimu anayefundisha watu kuendesha uwanjani, na nilipofika kwenye mvua hakungoja nimalize. Tairi za namna hiyo hushika zikishapata joto, na joto hilo hulipati ukienda kliniki. Zikiwa za baridi ni ngumu na zinateleza, na maji yakikosa mfereji wa kupitia yanajikusanya kati ya mpira na lami, gari linaelea. Kwa hiyo hilo la kubaki nazo ukaenda polepole lifute. Siku ile ulikuwa unakwenda polepole. Watu wazima wanakimbia tairi vipara, wewe umekwenda dukani kuchagua kipara kipya, tena kwa maringo.

Na wewe ni fundi wa lifti, jamani. Nikikuletea breki ya lifti nikakwambia inashika vizuri sana, ila sharti ipate moto kwanza na kusiwe na unyevunyevu, utaniruhusu nipandishe watu? Ungefunga mlango ukaning'iniza kibao hapo hapo. Watu usiowajua unawalinda hivyo, halafu mkeo unamlaza kwenye kiti cha mbele cha kitu hicho hicho kwa kuogopa kunyimwa chai.

Shemeji yako simwoni kuwa mtu mbaya. Anapenda mbio na anapenda sifa, na bado hajui kilichotokea kwa sababu ulicheka alipokuuliza. Kufungiwa tairi na shemeji si kufungishwa ndoa, zinavulika. Mwendee umwambie, "Shemeji, dada yako alikuwemo garini," umsimulie lori na yote. Akiendelea kuzungumzia nguo zake baada ya kusikia hayo, mwache abaki uchi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Gari limezunguka mpaka likatazama lilikotoka, lori limepiga honi ubavuni, na unaniambia mwanamke mwenye mimba ya miezi minane alikuwa usingizini? Sikuwemo, huenda nakosea. Lakini tangu siku hiyo hapandi. Anakubali kuloa. Ana mkanda unaombana, mkanda ambao kabla ya siku ile hukuniambia kama ulikuwa unambana. Gundi, mkeo anajua. Alipokuuliza kama mmefika alikufungulia mlango useme, nawe ukamwambia alale, basi akafumba macho ili akusitiri. Anaogopa kama unavyoogopa wewe, tena anaogopa akiwa na tumbo, akishuka kwa miguu mteremko ule ule unaokutisha ukiwa kwenye kiti. Na wewe unakaa kwenye gari unashukuru kwamba hayumo. Hapo nimekukasirikia kweli.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi ondoa beseni, toa tairi za stoo uzikague kwa macho yale yale unayokagulia kamba za lifti. Kama mpira umekakamaa au una nyufa, zitupe, ufunge za kati, nne zote za aina moja, usije ukaweka mbele hizi na nyuma zile kwa ubahili. Kama ni nzima, zifunge ziwatoshe mpaka mtoto azaliwe, za kati zitafuata. Upepo upimwe kabla gari halijatembea. Hizo laini zitafutie rimu zake, ziende uwanjani zimebebwa na gari la mizigo, na wakikuita Mtalii itika. Fainali ya msimu huu huendi. Mtu anayesubiri mtoto ana shughuli.

Tafuta pia dereva wa teksi mtulivu anayeijua njia ile, mwelewane mapema, simu yake uwe nayo wewe na mkeo. Hata ukifunga tairi nzuri kuliko zote, mtu anayeona lori kila akifumba macho asiendeshe siku hiyo. Wewe kaa kiti cha nyuma umshike mkono.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Leo ukifika nyumbani zima redio, kaa naye, umwambie, "Siku ile pale kwenye mteremko niliogopa sana, na nilikuficha." Usimweleze mpira laini wala mpira mgumu, usimtaje kaka yake. Sema hayo halafu unyamaze, maana naye amekaa na yake kifuani siku zote hizi. Akilia mwache alie, akigomba mwache agombe, umestahili. Na siku ya kliniki ikifika, hata kama gari liko tayari na jua linawaka, akikwambia bado anataka kutembea usimbishie wala usimwonyeshe mifereji ya tairi. Chukua mwavuli, ufunge mlango, uende naye kwa miguu.