Mzigo wa Kuni Kutoka Oldonyo Sambu

Sekei, Arusha
17 Novemba 2024

Dada yangu Yusta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima wote, na kwamba mvua za kupandia zimeshafika huko Njombe. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na kile kikohozi cha mwanangu Vumilia kimekwisha, au bado anaamka nacho asubuhi? Mimi mwilini sina ugonjwa. Ninakula, ninakwenda kazini, ninarudi. Ila kutulia bado sijatulia, na kwa kuwa wewe ndiwe uliyenilea, sitakuficha.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu huwa nashindwa. Unaniuliza, "Festo, mtoto tumwandikishe shule huku, au unamchukua?" nami nasema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima, dada. Najua Januari haiko mbali na mwalimu mkuu anakudai jibu. Nitakujibu humu humu. Nivumilie tu kwanza nikueleze yaliyonipata, maana bila hayo nisingekuwa na jibu.

Tangu nitoke nyumbani nimeshakaa mahali pawili. Kule Usa River, nilipokuwa shamba la maua, chumba kilikuwa kizuri na wenzangu walikuwa wema, lakini kila jioni nikifunga mlango nilijisikia kama kuna mtu nimemfungia nje. Nikahama. Hapa Sekei nimepanga kwa mama mmoja wa Kichaga, Mama Aika, na humu namo kitanda nimeshakisogeza kila ukuta. Kazi ya sasa naipenda kwa sababu ni ya miguu. Shirika letu linafundisha watu mambo ya mazingira, watoto Jumamosi na watu wazima katikati ya wiki. Watoto tunawapeleka msituni chini ya Mlima Meru, wajue ndege, wajue miti, wajue maji ya bombani yanatoka wapi. Kuna zoezi la kukaa kimya na kusikiliza, kisha kila mmoja aseme alichosikia. Juzi mmoja alisikia mbega, mwingine akasikia maji, na binti mmoja akasimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, mimi nimesikia tumbo la Baraka." Baraka akaapa kwamba alikunywa chai. Tulicheka hadi mbega wakahama mti. Zoezi hilo mimi mwenyewe silifanyi. Wao wakikaa, mimi nazunguka, nasema nawalinda.

Watu wazima nawafundisha Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, ambako ni kukavu na kina mama wanatembea mbali sana kutafuta kuni. Huko nafundisha jiko kikapu. Usicheke. Ni kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu na vipande vya godoro kuukuu. Sufuria ya maharage ikishachemka vizuri unaiepua, unaitumbukiza humo, unafunika, na maharage yanamalizia kuiva yenyewe bila moto. Siku ya kwanza mwenyekiti wao, Mama Lomayani, alisimama mbele yangu ameshika kiuno.

"Mwalimu, kikapu ni cha mayai. Moto ni moto."

"Onja kwanza, mama."

Akaonja, akatafuna taratibu kama anayetafuta jiwe. "Yameiva," akasema. "Lakini mwanamume anayejua maharage namna hii, mke wake huko nyumbani anafanya kazi gani?"

Mwingine akadakia nyuma, "Hana mke huyo! Ameoa kikapu!"

Walicheka wakagongana mikono, nami nikacheka nao. Tangu nifike huku sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nilikuwa na mke na nimemzika. Nilidhani nisipolitaja jina la Edina siku zitapita upesi. Hazikupita.

Mwezi uliopita mama mkwe wake Mama Lomayani akafariki. Alikuwa mwanafunzi wangu mzee kuliko wote, wote tukimwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao. Mratibu wetu aliposikia akaniambia, "Festo, msibani kuna watu wengi. Peleka vikapu, hilo ni darasa kubwa." Nilikubali haraka, dada. Si kwa ajili ya darasa. Niliona kikapu kitanipa cha kushika, nisilazimike kukaa na wafiwa.

Nilipofika, getini alikuwepo Mzee Lazaro, mdogo wake marehemu, akipokea kuni. Kila nyumba inaleta, mwenye gogo gogo, mwenye mzigo mzigo, na yeye anapanga kwenye rundo.

"Kuni zako ziko wapi, mwalimu?"

"Nimeleta vikapu, mzee. Tutapika bila kumaliza kuni."

Akavitazama vile vikapu kimoja kimoja. "Kwa hiyo hata leo umekuja kutufundisha?"

Vijana waliokuwa wanapasua magogo wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Si ana miti yake pale shuleni? Akate mmoja alete!"

Miti ile waliipanda watoto wa shule ya pale tukiwasimamia, na maji ya kuimwagilia wanayabeba kwa madumu kutoka majumbani kwao. "Ile ni ya watoto," nikasema.

"Hatutaki miti ya watoto," Mzee Lazaro akasema, na hakuwa amekasirika, ndiyo maana iliniuma. "Sikiliza, mwanangu. Hizi si za kupikia tu. Mtu akiingia hapa na gogo begani, mfiwa anamwona, anajua huyu amekuja kwangu. Wewe umekuja kazini."

Nilisimama pale na vikapu vyangu, na ndipo nikaukumbuka moto wetu pale uani kwa Mama. Unamkumbuka yule fundi baiskeli ambaye hatukuwa tunasalimiana? Alileta gogo la mwati, magome bado yako juu yake, akaliweka, akanigusa bega, akaondoka bila neno. Gogo lile ndilo lililokuwa linawaka tuliporudi kutoka makaburini. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Mimi, ambaye kila mtu aliniletea, nimefundisha watu kuhesabu kila kijiti na nikasahau hilo.

Nikaviacha vikapu pale getini, nikaenda hadi kwa muuza kuni wa senta, nikachagua gogo kavu, nikalibeba begani hadi kwa Koko. Watu walinitazama njia nzima. Mzee Lazaro akalipokea, akalilaza kwenye rundo, kisha akaniuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za safari, "Na kwenu mnafanya hivi?"

"Tunafanya, mzee. Mke wangu alipofariki waliniletea."

Yalinitoka yenyewe. Mama Lomayani alikuwa anapita nyuma yetu na ndoo ya maji. Akasimama.

"Mke wako nani?"

"Edina."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Akaitua ndoo. "Umekula na sisi, tumekutania na vikapu, kumbe umefiwa? Mwalimu, wewe ni mtu mbaya!" Akaibeba ndoo yake, akaingia ndani. Nilijua darasa langu limekwisha. Siku ile vikapu viwili tu vilitumika, vya kutunzia wali wa wageni waliochelewa, wala hakuna aliyevisifu.

Jumapili iliyopita, watu walipotoka ibadani, nimekaa chumbani nafua kola ya shati, nikasikia Mama Aika anapiga kelele uani. "Baba Vumilia! Njoo! Unafungua kiwanda cha mkaa? Humu tunatumia gesi!"

Nikatoka. Kina mama wa Oldonyo Sambu walikuwa wamesimama uani na mashuka yao ya kanisani, na mzigo wa kuni uko chini.

"Tumekuja msibani," Mama Lomayani akamwambia.

"Msiba? Nani amekufa?"

"Mke wa mwalimu."

Mama Aika akanigeukia. Yeye alijua nina mtoto, basi. Akaanza kuanua nguo zake kwenye kamba ili moshi usizipate.

Wakawasha moto pale uani, mchana kweupe, wapangaji wakatoka na vigoda vyao. Mzigo ule najua umetoka wapi, dada. Nimeshatembea na kina mama wale, najua unapita makorongo gani kabla hujaona mti mkavu. Nilitaka kuwaambia wangezitunza. Nikawaletea sufuria. Wakachemsha chai, mmoja akaomba, wakaimba, kisha Mama Lomayani akasema, "Haya. Tuambie alikuwa nani."

Nikawaambia. Niliwaambia ugonjwa wake ulivyoanza. Niliwaambia alivyokuwa akimenya kiazi, ganda linatoka refu moja bila kukatika, na Vumilia anakaa miguuni analisubiri, alivae mkononi kama bangili. Sijui kwa nini nilianza na hilo. Nililia, dada, mbele ya wapangaji wote, na hakuna aliyeniambia nijikaze kiume.

Walipokuwa wanasuuza vikombe, Mama Lomayani akauliza, "Na huyo mtoto wa ganda la kiazi yuko wapi?"

"Kwa dada yangu, Njombe."

"Mlete. Tutamfundisha kunywa loshoro ya mahindi na maziwa mgando, aache viazi vyenu."

"Mtoto wa watu hajafika mmeshamtukania chakula!" Mama Aika akasema. "Shule iko hapo juu. Akirudi mchana mimi nipo."

Basi jibu langu ni hili. Usimwandikishe huko. Nitakuja Desemba, twende naye kwanza kaburini kwa mama yake, mahali ambapo sijakanyaga tangu siku ile, kisha nimchukue. Najua ninachokuomba. Mwaka mzima amelala ubavuni kwako, na nasikia anakuita mama. Mimi kusuka nywele sijui, na sijui nitamjibu nini akiuliza kwa nini nilimwacha. Sikwambii kwamba nimetulia. Tangu nianze kuandika nimeshasimama mara nyingi, nikatoka hadi barabarani, nikarudi. Ila mwanzo nilikuwa nazunguka bila kujua ninakokwenda, na sasa najua. Mwambie wewe, kwa namna yako. Akilia, akakataa, usimlazimishe na usimdanganye. Mwache anikatalie usoni, nitakaa nimsikilize.

Nisalimie Mama, mwambie mafuta ya mguu nimeyaweka pamoja na barua hii. Msalimie shemeji, ambaye amemlisha mwanangu bila kunung'unika hata siku moja. Msalimie mwinjilisti aliyemzika Edina. Na yule fundi baiskeli, ukipita kwake, mpe mkono kwa niaba yangu. Mwambie gogo lake nililiona.

Mkikusanyika jioni kusali, nikumbukeni.

Mdogo wako,
Festo