Plau Iliyokatwa Kwenye Picha

Alhamisi. Mvua imenyesha Kilosa tangu asubuhi, nimerudi kutoka Kilangali kwa bodaboda nimelowa chapachapa, na nina hasira. Si ile ya kupiga kelele. Ni ile ya kuikodolea chai macho mpaka inapoa.

Devota amenisaliti. Naandika hivyo hivyo, nisije kesho nikajifanya sikusema.

Mwaka jana tulikaa pamoja Mikumi wiki nzima tukifundishwa kuandaa kozi za mtandaoni. Chumba kimoja, chaja moja. Yeye ndiye aliyenielewesha habari ya leseni huria: kwamba picha niliyoipiga ni yangu, lakini naweza kuiachia watu waitumie na hata kuibadilisha bila kuniomba, mradi waandike jina langu. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimechoka kufundisha kilimo cha mpunga kwa picha za mashamba ya nchi nisizozijua.

Nikaenda Kilangali kwa Mama Kulwa. Familia yake ilihamia kutoka Usukumani na ng'ombe wao, na sijaona anayelima kwa plau kama yeye. Wanaume wa jirani humcheka, mwanamke na plau wapi na wapi, halafu msimu ukifika huja kumwomba awalimie. Nikampiga picha ameshika plau, ng'ombe wawili mbele yake, tope magotini. Aliniuliza swali moja tu, picha inakwenda wapi. Nikamwambia inakwenda kufundisha watu kulima.

Kisha nikaiweka mtandaoni kwa leseni iliyo wazi kuliko zote. Nilijiona mkarimu.

Jumatatu mkwe wake akaikuta ndani ya kozi nyingine anayoisoma kwenye simu, somo la migogoro ya ardhi. Kozi ya Devota. Picha imekatwa sehemu ya chini, plau haipo. Wamebaki ng'ombe wawili na Mama Kulwa nyuma yao, na maelezo yanasema: mifugo ikiingizwa kwenye shamba la mtu.

Shamba la mtu! Lile shamba ni lake.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna jina langu, limeandikwa sawasawa.

Kinachoniuma ni kwamba Devota alijua. Mimi mwenyewe nilimwonyesha ile picha nzima na kumsimulia habari za Mama Kulwa, mpaka za wale wanaume. Nilipompigia simu alinijibu kwa upole, kama anamfundisha mwanafunzi: "Leseni uliichagua mwenyewe, mpenzi. Na jina lako nimeliweka." Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikata simu, nikalia.

Leo nimekwenda kwa Mama Kulwa. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

Huku kwetu hata watu waliogombania mpaka wa shamba huitikiana marahaba, kisha ndipo wanaendelea kutukanana. Nilisimama pale maji yakinichuruzika. Mkwe wake akainamisha kichwa. Baadaye Mama Kulwa akasema, bila kuniangalia, "Jina lililo pale ni lako au si lako?"

Nikasema ni langu. Akarudi kwenye mchele wake.

Njiani nimejaribu kumlaumu Devota peke yake, nikashindwa. Mama Kulwa aliniruhusu kufundishia kilimo. Mimi nikairuhusu dunia nzima kufanya itakavyo na sura yake, wala sikurudi kumuuliza. Babu yangu alikuja Kilosa kukata mkonge, akaitwa mtu wa kuja mpaka alipozikwa. Ilikuwaje nisifikirie kwamba mhamiaji mwenye ng'ombe ndiye hushukiwa kwanza?

Picha nimeiondoa nilikoiweka, lakini leseni ile hairudi nyuma. Aliyekwisha kuichukua anayo. Kwa hiyo kesho asubuhi naanzia ofisini kwa Devota. Sitamzungumzia leseni. Nitamwekea picha nzima mezani, yenye plau, nimwambie aitazame na aiondoe ile yake nikiwa nimesimama hapo hapo. Akikataa, angalau nitakuwa nimemjua.

Kisha nitapanda bodaboda kwenda Kilangali. Nitasimama mbele ya ile baraza na kusema shikamoo. Asipoitikia, nitakwenda tena Jumamosi.