Mbuzi wa Mtihani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nzilani wangu anafundisha walimu wa yunivasiti! Hata viatu sijavua. Amepiga simu kutoka Kahawa Wendani kunieleza kazi yake mpya — anakaa na malekchara, anawaonyesha namna ya kupanga kozi zao upya. Eti unaanza na mwisho: mwanafunzi akimaliza ajue kufanya nini? Ndio urudi nyuma upange masomo. Mimi niliishia darasa la saba na nimeelewa mara moja. Akili alitoa kwangu, si kwa baba yake.

Jumatano, 8 Oktoba

Mmoja anamsumbua. Daktari Erastus, anafundisha mifugo. Husomea wanafunzi noti zilezile tangu Nzilani akiwa nasari. Alimwambia, "Msichana, mbuzi ni walewale, nibadilishe nini?" Nzilani akamjibu kwamba wanafunzi wake hawajawahi kushika hata mmoja. Huyo ni wangu kabisa.

Mzee Erastus amekubali kujaribu mara moja: mtihani ufanyiwe bomani, wanafunzi waangalie mbuzi waseme anaumwa na nini. Ikiharibika, anarudi kwa noti zake, na kontrakti ya Nzilani haiongezwi. Boma nimetoa langu, hapa Gatuanyaga. Nzilani amesema nisibadilishe kitu.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani nimesimama kwa ushuhuda, nikasema yote. Pasta aliniashiria nikae. Nikaongeza kidogo tu. Nje, jirani yangu Mukonyo akaniuliza kama hao madaktari wanakuja kusoma ama kula. Wivu. Mbuzi wake ni mifupa na kikohozi, nimemwambia mara nyingi.

Mchana nimeita daktari wa mifugo wa hapa kwetu. Wageni wa Nzilani waone mbuzi wa mama yake wakichechemea? Hapana. Amedunga wote, amekata kwato, amewapa dawa ya minyoo. Mimi nikawaosha kwa sabuni. Sasa ni wa kupeleka shoo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nzilani amekuja kukagua. Ameangalia mbuzi mmoja mmoja.

"Mwaitu, mama yangu, umewatibu?"

Wote, nikasema, kwa raha.

Akaketi kwa kigoda. Alitaka wagonjwa. Mbuzi mzima atampa mwanafunzi mtihani gani? Daktari Erastus atacheka, arudi kwa noti. Mimi nilidhani kitu cha kutobadilisha ni nyumba!

Jioni nimeenda kwa Mukonyo kuomba wale wa kukohoa. Amecheka hadi akashika mlango. "Leo mifupa yangu imepata kazi, Mama Nzilani?" Nikasema ndiyo, tena ya yunivasiti. Akasema mbuzi wake hawatoki. Wageni waje kwake, yeye ndiye atawapokea.

Nimefikiria mbuzi wangu wakiambukizwa kikohozi. Nimemfikiria Nzilani kwa kile kigoda. Nimekubali.

Lakini chapati za wageni zitapikwa kwangu, hapo nimekataa kabisa. Nitazibeba mwenyewe. Pasta nimemwambia, na akina mama wote: mtihani ni kwa Mukonyo, Ijumaa.