Mrehani wa Makopo Mawili

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Wiki ya skuli imeanza leo, na tayari nimeitwa mwongo mbele ya darasa zima. Mimi!

Abla Kheiria, mwalimu wetu wa sayansi, kayainua makopo yangu, kasema hii ni mirehani ya aina mbili, mmoja nimeununua dukani. Jina langu kalikata kwenye orodha ya maonyesho ya tarehe 16.

Nilieleza. Vijitawi viwili, nimevikata mwenyewe kwenye mrehani mmoja wa Bibi. Asili moja, udongo mmoja, maji finjani moja ya kahawa kila asubuhi. Kopo moja juu ya paa, juani — majani madogo, magumu. La pili ukumbini, kivulini — majani mapana, laini. Ndiyo maana yake! Asili haifanyi kazi peke yake. Ukurasa huo katufundisha yeye.

Afra, anayekaa nyuma yangu, kasema eti sisi tuliokuja huku kutoka Zinjibari hata mimea yetu ina pasipoti mbili. Walicheka. Sikulia mpaka kwenye basi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Abla kasema nilete mmea mama, aone makovu nilipokata. Haki kabisa.

Mmea mama haupo. Bibi kaukata mpaka chini. Nimemkuta mkekani, yasmini na rehani mapajani, anashona vikuba vya harusi ya Nouf, binti wa ami.

"Bibi, huo ulikuwa ushahidi wangu."

"Ushahidi gani, mwanangu? Bwana harusi anatoka Al Amerat, nyuma ya milima. Watu wake waje wakute wanawake hatuna vikuba vifuani?"

Hata chai sikunywa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata njia. Kopo la kivulini nalo lipande juu ya paa. Majani mapya yakitoka madogo kama ya mwenzake, nani atasema aina mbili? Abla kayapiga picha majani ya sasa. Kanipa mpaka Alhamisi ya maonyesho, asubuhi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Chipukizi mbili! Mama kasema nitabadilika rangi mimi kabla ya mrehani. Bibi analalamika magoti, anailaumu baridi ya esi chumbani.

Jumanne, 14 Oktoba

Majani mapya yamefunguka. Mapana. Laini.

Basi Abla ana haki? Nilichanganya vijitawi? Nimeanza kujishuku mwenyewe, na hilo linaniudhi kuliko kicheko cha Afra.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo skuli wametutoa mapema. Nimepanda moja kwa moja juu ya paa.

Bibi yuko pale. Viti viwili, kanga yake imefungwa katikati, na chini yake kopo langu, kivulini.

"Nnauonea huruma," kasema. "Kila siku ukenda skuli nnaufunika, ukikaribia kurudi nnaufunua."

"Na ule mwengine?"

"Ule umekulia juani, umeshazoea. Huu mgeni."

Siku sita za skuli! Na magoti yale! Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikayatazama tena majani mapana. Kivuli kilikuwapo. Kumbe mmea haukunisaliti.

Lakini nani ataniamini? Nimemwambia Bibi, Abla hatakubali neno langu, labda lako. Kanijibu: "Mimi niende mbele ya mwalimu niseme nimekuharibia kazi?" Kaikunja kanga yake, kateremka ngazi, hakugeuka.

Kesho saa moja asubuhi. Makopo nimeyafuta vumbi, yako mlangoni.

Namsikia Bibi chumbani kwake. Anamuuliza Mama buibui lake la kutokea liko wapi.