Bomba la Shaba

Njoro, 4 Februari 1957

Dada Jerop,

Nakusalimu sana, na kikohozi chako pia nakisalimu, kama bado hakijahama. Mimi ni mzima. Meno tu ndiyo yanazidi kuwa ya kahawia kwa haya maji ya huku.

Nimepata kazi mpya kwa mzungu tunayemwita Bwana Chupa. Usicheke. Kazi yangu ni kupika maji. Bwana anapanda nyanya bila udongo, dada, hata punje moja. Amezitia kwenye masanduku ya kokoto, anazinywesha maji yaliyochanganywa na chumvi za kununua. Lakini maji ya kisima chetu yana magadi na nyanya zinayakataa, majani yanaungua pembeni. Basi mimi nachemsha maji kwenye pipa lililofunikwa vizuri, mvuke unapita kwenye bomba la shaba, bomba linapita kwenye karai la maji baridi, na upande wa pili yanadondoka maji safi kuliko machozi.

Ungeona kinachobaki chini ya pipa! Ukoko mweupe wenye rangi ya usaha, unabanduka kama gamba la kidonda. Ndicho tunachokunywa kila siku. Tangu nilipokiona, chai hainishuki.

Sasa jambo langu. Nenda kwa mzee Kiptanui unisemee kuhusu Chepngeno. Mwambie nina kazi ya mshahara na ng'ombe wa mahari nitawapata. Nyanya hizi anakuletea Kiprugut wa lori la mahindi.

Ndugu yako,
Kipkemei


Rongai, 19 Februari 1957

Ndugu yangu Kipkemei,

Salamu zako nimezipata, nami niko, kikohozi pia kiko. Mvua bado.

Nyanya zako nimezionja. Zinakaa mdomoni kama kitambaa kilicholoweshwa. Nyingine nimewapa kuku, na kuku wa Rongai si wachaguzi, lakini wamezipiga teke. Kitu kisichojua udongo kitajuaje ladha?

Lakini hilo si kitu. Nimesoma barua yako mara mbili. Pipa, bomba, karai, matone. Kipkemei, wewe ulikuwa unalala chumba kile kile nami. Unajua nani alikuwa akikaa mbele ya chombo kama hicho usiku na mchana, na jinsi tulivyomkuta asubuhi ile, kinywa wazi, nzi wakiingia na kutoka. Pombe yake ya chang'aa ilimmaliza Baba. Bomba lake nililitupa chooni kwa mkono wangu siku ya pili ya matanga, na nikalitemea mate likishuka.

Kwa Kiptanui nimekwenda. Unajua yeye ni mzee wa kanisa, akisikia harufu ya pombe hugeuza njia. Nilimwambia unatunza nyanya. Chepngeno alikuwa mlangoni, akatabasamu mpaka akajificha. Mzee anasema uje umwone. Hizo habari za kupika maji usimwambie mtu.

Dada yako,
Jerop


Njoro, 12 Machi 1957

Dada,

Natumaini umeamka vyema. Mimi niko salama, ila nimekasirika.

Kwanza, bomba ni bomba. Kisu huchinja na kisu humenya viazi. Mimi sipiki pombe, napika maji, na sina sababu ya kujificha kama mwizi wa kuku.

Pili, nimechoshwa na Bwana Chupa. Watoto wa wafanyakazi hapa wanakunywa maji ya bwawa pamoja na ng'ombe. Ng'ombe wakikojoa, watoto wanangoja kidogo, kisha wanateka. Nilimwomba Bwana niwape wenye kuhara maji yangu, hata kikombe kwa kila mmoja. Akaniambia, "Maji hayo ni ya nyanya." Alisema huku akiipangusa nyanya vumbi kwa leso yake. Niliondoka nisije nikamtapikia viatuni.

Tatu, kwa Kiptanui nakuja Jumamosi ijayo. Maneno yameshamfikia kwamba nakaa mbele ya pipa lenye bomba, nami nimeona dawa yake ni kumletea maji yenyewe ayaonje. Sitayaleta kwa chupa kama mlevi. Kwa mkwe mtu haendi na chupa. Nitayatia kwenye kibuyu kizuri, nimekiandaa mwenyewe kama Mama alivyotufundisha.

Ndugu yako,
Kipkemei


Rongai, 8 Aprili 1957

Kipkemei,

Leo sina nguvu ya salamu ndefu. Ni mzima, inatosha.

Uliondoka kwa Kiptanui mbio hata kofia ukaiacha. Mimi nilibaki nimekaa pale na aibu yako mapajani. Mzee alikuwa akisukutua kinywa uani na kutema, akisukutua na kutema, akisema, "Kijana ameniletea chang'aa nyumbani kwangu, mbele ya binti yangu!"

Nikakichukua kibuyu nikanusa. Ndipo nikakufahamu, mjinga wangu. Ulikisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet, kama kibuyu cha maziwa! Maziwa hupendeza kwa moshi ule. Lakini maji yako hayana ladha yake yenyewe, yaliumeza moshi wote. Kitu cheupe kama kioo chenye kuchoma pua kwa moshi, mzee angekiitaje? Kwa heshima zako ulijichafua mwenyewe.

Nilimweleza. Nilimsihi mpaka sauti ikakauka, na Chepngeno naye akalia. Mzee akalainika. Akasema, "Basi twende nikalione hilo pipa kwa macho yangu."

Tulikwenda Alhamisi kwa lori la Kiprugut. Hukuwepo, ulikuwa umetumwa Nakuru kuchukua chumvi. Mpishi wa Bwana alitupeleka kwenye kibanda chako. Mzee aliinama, akaonja matone, akanitazama akasema, "Kweli ni maji." Nilitaka kumshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha nikaliona bomba. Lina ule mkunjo ambapo Mama alilipiga panga.

Nilitapika pale pale, Kipkemei, juu ya kokoto za Bwana wako. Ulishuka kwenye choo kile cha zamani? Ulilitoa kwa mikono? Na matone yaliyopita humo ukawatilia wakwe zako kinywani, na nyanya zake ukanitumia mimi nikala?

Mzee akauliza, "Unalijua bomba hili?" Ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Ni la baba yetu." Alisema mtoto wa nyoka ni nyoka, akapanda lori.

Usiniandikie.

Dada yako bado, ingawa sipendi,
Jerop


Njoro, 2 Juni 1957

Dada Jerop,

Ulinikataza nami nikatii kwa hasira, si kwa adabu. Sasa hasira imeisha. Naomba uwe mzima. Naomba uisome barua hii hadi mwisho.

Nililitoa lile bomba kwa mikono, ndiyo. Shaba haikupatikana popote, na Bwana alisema asiye na bomba hana kazi. Bila kazi, Chepngeno ningempata kwa kitu gani? Nililisugua kwa majivu, nikalichemsha mara nyingi, nikajiambia limetakata.

Kisha ikaja hii mvua. Nyanya zikaoza masandukuni, zikapasuka, zikajaa funza, na uvundo ukafika mpaka barazani kwa Memsahib, mke wa Bwana. Bwana hakuzitupa. Alisema tuziponde kwenye pipa, tutie sukari, tungoje. Zilipoanza kutoa povu akaniambia, "Kipkemei, zipike." Wageni wake walikuwa wakija.

Nilizipika. Tone la kwanza lilipodondoka nilisikia harufu ya blanketi la Baba. Ile ile, dada, kana kwamba amelala nyuma yangu. Bwana akakinga glasi, akanywa, akajilamba masharubu, akanipiga bega akasema nina mkono wa kazi hii. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika mpaka nikatoa nyongo. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Nikarudi na shoka. Bomba limekuwa vipande, na pipa nimelitoboa. Nimefukuzwa siku hiyo hiyo. Sasa nalala kwa rafiki hapa stesheni.

Wewe ulikuwa na haki. Nenda umwambie mzee Kiptanui nilichokifanya. Mwambie Chepngeno aningoje kidogo tu, nitatafuta kazi hata ya kuchimba mitaro. Nangoja neno lako.

Ndugu yako,
Kipkemei


Rongai, 18 Juni 1957

Ndugu yangu Kipkemei,

Barua yako ilikaa kwa Kiprugut, lori lilikuwa limekwama matopeni. Aliniletea Jumatatu.

Chepngeno aliolewa Jumamosi, huko upande wa Molo. Kabla ya kuwajibu hao watu wa Molo, mzee alikuja kwangu jioni, akakaa, akaniuliza mara ya mwisho: "Jerop, huyu ndugu yako atabadilika?" Chepngeno alikuwa amemtuma aniulize, nilijua. Alikuwa amekataa wanaume wawili akingoja jibu langu.

Nilimwambia hapana.

Nachukizwa na Bwana Chupa, na wewe pia, usidhani umesalimika. Lakini chakula changu mwenyewe hakinishuki tangu Jumatatu. Njoo nyumbani. Ukifika, pita njia ya chini, usipite kwa Kiptanui, bado hawajabomoa kibanda cha arusi.

Dada yako,
Jerop