Mara Nne kwa Wiki kutoka Ntimaru

Homa Bay, Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai presha imeshuka, na dawa unazinywa, huzifichi chini ya mto kama mwaka jana. Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaochemka, na hapa sina wa kumwambia.

Unajua kila Alhamisi hospitali hunituma Suna, kule Migori, kuhudumia wagonjwa wa akili. Huko ndugu zake waliniletea mwalimu mmoja wa Ntimaru, karibu na mpaka wa Tanzania, mikono imefungwa kamba. Jina lake sikuandikii. Binti yake alichukuliwa na maji akivuka mto, na tangu hapo akawa hasemi. Akiachwa tu, huenda mtoni. Nikampa dawa, akapata usingizi, lakini kusema, hasemi. Nikaanza kukaa naye tu, saa nzima, kila wiki. Wiki ya tano akasema: "Ni mimi niliyemrudisha nyumbani. Alisahau daftari."

Hakuwa amemwambia mtu, Mama. Akalia mpaka kola ya shati ikalowa. Wiki iliyofuata akaomba chai.

Nikaogopa. Ninafanya kazi nisiyofunzwa, naweza kumharibu. Daktari mmoja akanieleza kuwa Nairobi kuna chama cha wachanganuzi wa nafsi, wanaotibu kwa kumwacha mgonjwa aseme yaliyomjaa nao wakisikiliza. Nikawaandikia barua tatu. Ya tatu ikajibiwa: njoo mkutanoni.

Nikaenda, Alhamisi ya wiki jana. Watu wapole, na kazi yao wanaijua. Mmoja alieleza jinsi mtu anavyobeba hatia asiyoweza kuitaja. Nikamwona mwalimu wangu waziwazi. Kisha wakasema mgonjwa aje mara nne kwa wiki, kwa miaka. Nikanyoosha mkono.

"Wangu anatoka Ntimaru. Atafikaje?"

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwenyekiti akasema, "Swali zuri, Sista. Tutaliweka kwenye ajenda." Nikauliza iwapo muuguzi kama mimi anaweza kufunzwa. Wakasema kanuni haziruhusu, labda kamati ikae. Wakahamia kwenye nembo ya chama, iwe ya duara au ya pembe. Nusu saa nzima!

Nje, mwanachama mmoja, mama wa makamo, akanifuata. "Wewe unamsikiliza yeye. Wewe nani anakusikiliza?" Akanipa anwani, nimwandikie kila mwezi naye atanijibu. Hilo si la chama, alisema, ni lake mwenyewe.

Jana, Alhamisi, mwalimu hakuja Suna. Leo asubuhi nikapanda gari mpaka Ntimaru, nikamkuta amefungwa kwenye nguzo ya ghala. Nikamfokea kaka yake mkubwa mbele ya watu.

"Sista, sisi hatumchukii," akasema. "Ile wiki ingine tulimleta, tukakuta wewe hauko. Akatoroka, akaenda mto. Mimi nikienda shamba, nani atamwangalia?"

Nilimwachia karani wa Suna ujumbe kwamba nasafiri. Mwalimu mwenyewe sikumwambia. Nilikuwa Nairobi nikimtafutia msaada.

Nikaketi chini kando ya mwalimu. Akasema, "Nilidhani na wewe umeenda."

Kaka yake akaja, akafungua kamba kwa mikono yake. Tumepatana atamleta kila Alhamisi. "Lakini ukikosa tena, Sista, simleti."

Sasa nisamehe, Mama. Ile barua ya uhamisho uliyonihangaikia, ya kunirudisha Kwale, ilifika Jumatatu. Jioni hii nimeirudisha bila kutia sahihi. Nimeikasirikia wizara kwa kukosa mtu wa kushika nafasi yangu, nimekikasirikia chama na nembo yake, na wewe najua utanikasirikia mimi. Una haki.

Nisalimie shangazi mshonaji, na kaka yangu wa bandarini, mwambie asikutume sokoni juani. Bibi mwambie hapana, sijaolewa na Mjaluo.

Usinijibu upesi. Hasira zikitulia, niandikie.

Mwanao,
Mwanasiti