Udongo Ulioshuka kwa Jirani

Mujukuu wangu Neema,

Huku Bukavu tuko wazima, na dada yako amejifungua mutoto mwanamuke. Unauliza nani alinifundisha kupanda majani kwenye mipaka ya shamba.

Wakati wa Wabelgiji, nikiwa musichana kule Walungu, mvua ilishusha udongo wetu pamoja na maharagwe mpaka katika shamba la jirani, Maman Nabintu. Mama yangu akashuka na kitunga, akasimama tu, kwa haya.

"Umefuata udongo wako?" Nabintu akauliza.

"Kama unakubali."

"Peke yako utaweza wapi?"

Akachukua kitunga chake, wakaupandisha pamoja siku nyingi. Kisha akaleta majani, tukayapanda mpakani yauzuie. Msimu uliofuata tulivuna wote.

Mpaka leo sijui kama tulirudisha udongo wetu tu, ao na wake.

Mungu akulinde,
Koko wako